Kuvuka Nairobi kutoka Eastlands hadi Westlands: matatu, basi, treni, bodaboda au teksi?

Msafiri anayetaka kuvuka jiji la Nairobi kutoka upande mmoja hadi mwingine, tuseme kutoka Donholm huko Eastlands hadi Westlands, hulazimika kukubali jambo moja kabla ya kuchagua chombo chochote. Karibu kila njia ya matatu huanzia mtaani na kuishia katikati ya jiji, na si rahisi kupata gari linalounganisha mitaa ya mashariki na ya magharibi bila kupitia huko. Kwa hiyo safari moja huwa mbili, na katikati yake kuna mwendo wa miguu katika barabara zilizojaa watu, mikokoteni, wachuuzi na magari yanayorudi nyuma dereva akimtegemea utingo amwongoze kwa kupiga bodi kofi.

Watu wengi wanapolinganisha usafiri huanza na nauli, wakaingia kwenye muda wa foleni, kisha wakauliza ni chombo kipi kilicho salama zaidi. Swali hilo la mwisho huulizwa kana kwamba hatari yote imo ndani ya gari. Rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, zinaonyesha kwamba katika miaka ya karibuni barabara za Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa zaidi kati yao ni la waendao kwa miguu. Abiria yeyote wa matatu ni mwenda kwa miguu mara tatu katika safari moja: anapokwenda steji, anapobadilisha gari mjini na anapotoka steji kwenda aendako. Ukiongeza wezi wa simu na mifuko, ambao nao hupenda steji na makutano kuliko mahali pengine, utaona kwa nini katika ulinganisho huu nakipima kila chombo kwanza kwa mahali kinapokupandisha na kinapokushusha, na kwa saa kinapofanya hivyo. Starehe na kasi zinafuata baadaye.

Matatu ndogo na basi kubwa

Matatu ya viti 14 ina sifa moja ambayo hakuna anayeweza kuipokonya: hujaa upesi na kuondoka upesi. Foleni ikikaza Barabara ya Jogoo, dereva wake huchepuka kwenye njia za panya ndani ya mitaa, akatokea mbele ya basi lililokuwa limemtangulia. Basi la viti 50 haliwezi kufanya hivyo. Litakaa kwenye foleni pamoja na wenzake, na kabla ya hapo litakuwa limekaa steji muda mrefu likisubiri abiria. Mtu anayehesabu dakika peke yake atachagua matatu ndogo kila siku.

Hesabu hubadilika ukiangalia kinachotokea mlangoni. Matatu ndogo haina nafasi ya kupita kati ya viti, kwa hiyo abiria wa nyuma akitaka kushuka, wenzake wawili au watatu huteremka kwanza ili kumpisha, mara nyingi barabarani kabisa, huku pikipiki zikipita upande wa kushoto ambako mlango unafungukia. Basi lina ujia wa katikati na ngazi, na abiria anaweza kusimama karibu na mlango kabla gari halijafika kituoni. Kwa mzee, mjamzito au mama aliyebeba mtoto, tofauti hiyo ni kubwa kuliko dakika ishirini za foleni.

Kuna pia suala la wizi, na hapa ni vyema kueleza mbinu moja kwa ukaribu kwa sababu huwapata hata wenyeji. Abiria huingia katika matatu ndogo na kuelekezwa kiti fulani, aghalabu cha mbele kando ya dereva au cha kwanza nyuma yake. Jirani yake, ambaye naye anaonekana kuwa abiria wa kawaida, anamwambia kwa heshima, “Funga mkanda, madam, kuna polisi hapo mbele,” na mkanda wenyewe unakataa kufunga. Utingo anainama kusaidia, jirani anavuta upande wa pili, mikono minne inapishana kiunoni mwa mtu mmoja, kisha ghafla inaelezwa kwamba gari haliendi tena kule alikokuwa akienda na anarudishiwa nauli yake kwa ukarimu wa ajabu. Gari linapotoweka ndipo mwenyewe anapopapasa mfuko na kukuta simu haimo. Ukiona mkanda una shida na watu wawili wana hamu ya kukusaidia, teremka papo hapo kabla gari halijaondoka. Mbinu hii hutegemea ufinyu wa gari dogo na abiria wachache ambao wote ni wa kundi moja. Katika basi lenye watu hamsini ni vigumu kuitekeleza.

Sheria, kwa maandishi, huyatendea matatu na basi sawa. Kanuni zilizoletwa na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, na kuanza kutekelezwa Februari 2004, ziliagiza mikanda ya usalama katika kila kiti, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na utingo, na mwisho wa kusimamisha abiria ndani ya gari. Waliokuwa wakipanda matatu kabla ya hapo, wakining'inia mlangoni au wakiinama chini ya paa, wanajua mageuzi hayo yalikuwa makubwa kiasi gani. Sehemu ya manufaa hayo imechakaa. Mstari wa manjano umebaki, mikanda mingi imekuwa pambo, na jioni za mvua hata mabasi yenye sifa njema husimamisha watu. Bado, alama zilizotokana na kanuni hizo zinamsaidia msafiri: gari lenye mstari, nambari ya njia na jina la Sacco yake (chama cha ushirika cha wenye magari) limeandikwa waziwazi ni gari linaloweza kufuatiliwa. Gari lisilo na jina lolote, linalookota abiria mbali na steji huku likiahidi nauli nafuu kuliko wote, liache lipite.

Niseme neno kuhusu nganya, yale magari yaliyochorwa kwa ufundi, yenye skrini, taa za rangi na muziki unaotikisa vioo. Vijana wanayapenda na mafundi wake wanastahili sifa. Kwa mtu anayetafuta usalama, hata hivyo, kelele yake ni kasoro halisi, kwa kuwa dereva hasikii abiria anapoomba kushuka na abiria hasikii kinachoendelea kiti cha nyuma yake. Vilevile wahudumu wake huishi kwa sifa ya kuwahi, na sifa hiyo hulindwa kwa kupanda kingo za barabara na kupita upande wa magari yanayokuja.

Jambo la kuuliza kabla ya kuketi katika gari lolote kati ya haya ni hili: mwisho wa gari ni wapi? Gari linalotangazwa kuwa la “tao”, yaani katikati ya jiji, linaweza kumaliza safari pembezoni, Muthurwa, likageuza kurudi Eastlands ili kuwahi abiria wengine, na abiria aliyelipa nauli kamili akaambiwa, “Mwisho wa gari ni hapa, shukeni na mali yenu.” Upande wa Thika Road mchezo huo huchezewa Ngara na Pangani. Kisheria utingo hana haki ya kukufanyia hivyo, lakini mabishano naye saa mbili usiku kando ya Barabara ya Landhies hayajawahi kumfikisha mtu nyumbani. Ni afadhali kuchagua mapema kampuni au Sacco ambayo kituo chake cha mwisho kimo ndani ya jiji na ambayo ina mazoea ya kufika hapo. Mabasi makubwa yanazidi matatu ndogo katika jambo hili, ingawa si kila basi.

Mahali pa kubadilishia gari

Hapa ndipo safari inapoamuliwa. Abiria wa kutoka Donholm kwa matatu hushushwa, kwa kawaida, upande wa chini wa jiji: Muthurwa, Ronald Ngala au karibu na hapo. Magari ya Westlands na Kangemi huyapata upande wa Odeon, karibu na Tom Mboya na Latema. Umbali kati ya sehemu hizo mbili si mkubwa, lakini njia fupi zaidi hupita River Road na vichochoro vyake, na huko ndiko msongamano wa watu ulivyo mkubwa kiasi kwamba kusukumwa hakumshtui mtu. Anayelijua jiji hupanda kwanza hadi Moi Avenue, akafuata barabara hiyo pana yenye maduka na walinzi milangoni, kisha akateremka Latema dakika ya mwisho. Anaongeza dakika tano, sita. Nazihesabu kuwa dakika zenye thamani kuliko zote katika safari.

Begi livaliwe mbele ya kifua, simu ikae mfuko wa ndani, na nauli ya gari la pili iwe imetengwa mapema katika mfuko mwingine ili pochi isifunguliwe steji. Malipo ya M-Pesa yamerahisisha mambo, hasa baada ya mpango wa serikali wa mwaka 2014 wa kulazimisha kadi za nauli kushindwa, lakini kulipa kwa simu kunamaanisha kuitoa simu. Ilipe nauli ukiwa umeketi, mbali na dirisha lililo wazi. Katika foleni za mzunguko wa Globe na za kuingilia Muthurwa, mkono unaopita dirishani huchukua simu na kutoweka kabla mwenyewe hajageuza shingo, na gari lililokwama haliwezi kumkimbiza mtu anayepenya kati ya magari.

Kwa wanawake kuna uzito mwingine ambao ulinganisho wa nauli hauugusi. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye steji, na kitendo hicho kikaandikwa katika sheria kuwa kosa la jinai lenye adhabu kali. Sheria ipo, lakini matusi, kuvutwa mkono na wapiga debe na kuguswa mlangoni havijaisha. Steji ambayo Sacco imeweka foleni ya abiria, karani wa kuandika magari na mtu wa kupokea malalamiko, ina nidhamu tofauti kabisa na ile ambayo kila mpiga debe anavuta abiria wake. Kama kuna steji mbili za kwenda mahali pamoja, chagua yenye foleni, hata kama ndiyo ya mbali.

Nani anaweza kukwepa katikati ya jiji? Wakati mmoja serikali ya kaunti ilijaribu kuwakwepesha wote kwa nguvu. Desemba 3, 2018, gavana akiwa Mike Sonko, matatu zilizuiwa kuingia katikati ya Nairobi, na maelfu ya wafanyakazi wakashushwa Muthurwa, Ngara na vituo vingine vya pembezoni wakamalizia kwa miguu, wakiwamo wagonjwa na wanafunzi. Amri hiyo iliondolewa muda mfupi baadaye. Ilichofanya ni kurefusha ile sehemu ya safari ambayo tayari ilikuwa mbaya kuliko zote.

Njia ya kuzunguka ipo kwa baadhi ya watu. Kutoka Donholm, au kutoka pale ambapo watu wanaendelea kupaita Taj Mall ingawa jengo lenyewe lilibomolewa mwaka 2018, matatu hufuata Outer Ring hadi Allsops kwenye Thika Road. Kutoka Allsops unapata gari la kushuka Pangani, na kutoka Pangani Barabara ya Wangari Maathai, ambayo wengi bado huiita Forest Road, inakutoa karibu na Museum Hill na Westlands bila kukanyaga River Road. Sehemu hiyo ya mwisho ni fupi, kwa hiyo teksi yake haigharimu sana. Mchanganyiko wa matatu mbili na teksi fupi hutumia fedha ya teksi pale inapohitajika, na ndio ninaoupendelea kwa safari za jioni.

Treni

Reli ya abiria wa mjini ina njia zinazoelekea Syokimau, Embakasi Village, Ruiru, na upande wa Kikuyu na Limuru kupitia Kibera na Dagoretti. Kituo cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012, na mwaka 2020 yaliletwa mabehewa ya dizeli yaliyokuwa yametumika Hispania, huku vituo kadhaa vikikarabatiwa. Kwa anayekaa upande wa Eastlands, Makadara ndicho kituo kinachotumiwa na wengi.

Faida yake ya kwanza inajulikana: treni haina foleni. Faida ya pili haitajwi sana, nayo ni kwamba unapanda ndani ya uzio, tiketi ikiwa mkononi, mbele ya wafanyakazi wa reli, na unashuka Stesheni Kuu ukiwa ndani ya uzio mwingine. Hakuna mpiga debe, hakuna anayebadilisha nauli kwa sababu mawingu yametanda, hakuna anayekushusha nusu ya njia ili ageuze. Kutoka Stesheni Kuu ukishavuka Haile Selassie unaingia Moi Avenue moja kwa moja, yaani ile barabara ambayo abiria wa matatu analazimika kuitafuta. Kwa kipimo cha mahali pa kupanda na kushuka, treni inashinda vyombo vyote vya umma vya Nairobi.

Inashindwa kwa saa. Ratiba imejengwa kwa ajili ya mfanyakazi wa ofisi: kuingia mjini asubuhi, kutoka mjini jioni. Mwenye shughuli saa nne asubuhi, muuguzi anayetoka zamu usiku na mama anayepeleka mtoto kliniki mchana hawakufikiriwa. Ukiikosa ya jioni umeikosa, na utajikuta Stesheni Kuu giza likiingia ukitafuta matatu pamoja na wenzako wote walioikosa. Asubuhi mabehewa hujaa hadi watu wakabanana, na mahali watu wanapobanana mchomoaji ana kazi. Treni pia haifiki Westlands. Gari la pili linabaki palepale.

Na kuna makutano ya reli na barabara. Aliye ndani ya treni hana cha kuhofia sana, lakini mitaa ya Eastlands ina sehemu ambapo barabara hukata reli ardhini. Oktoba 2013, huko Mutindwa, Umoja, treni iligonga basi la abiria lililokuwa likivuka na watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha. Ikiwa basi au matatu yako inavuka reli na dereva anajaribu kuiwahi honi ya treni, hilo ni jambo la kupaza sauti wote kwa pamoja.

Bodaboda

Hii nitaipitia kwa ufupi kwa sababu uamuzi wenyewe ni mfupi. Kwa kilomita moja au mbili ndani ya mtaa, kutoka steji hadi langoni, bodaboda inafaa, hasa kama mwendeshaji ni wa steji unayoijua na wenzake wanamjua kwa jina. Kwa kuvuka jiji haifai. Sheria inataka abiria mmoja tu, helmeti na koti la kuakisi mwanga kwa dereva na kwa abiria. Helmeti ya abiria mara nyingi huning'inia kwenye usukani bila kuvaliwa, na ikivaliwa haina mkanda wa kidevu. Wanaokwepa kuivaa kwa sababu ya jasho la kichwa cha mwingine wana hoja, na suluhisho lao ni kitambaa chepesi cha kuvaa ndani. Kaunti imekuwa ikizuia pikipiki kuingia katikati ya jiji, tena kwa vipindi, kwa hiyo unaweza kushushwa ghafla pembezoni, mahali ambapo hukupanga. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway hairuhusu pikipiki kabisa. Wakati wa mvua, kwenye lami iliyomwagikiwa mafuta, kilomita kumi na mbili nyuma ya mtu anayekimbizana na simu ya mteja mwingine ni hatari ambayo hakuna foleni inayoihalalisha.

Teksi za programu

Uber iliingia Nairobi mwaka 2015, nyingine zikafuata, na bei ya teksi ikawa kitu ambacho mfanyakazi wa kawaida anaweza kukifikiria walau mara moja moja. Kwa kipimo chetu, teksi huondoa tatizo zima la kubadilisha gari: unapanda mlangoni, unashuka mlangoni. Wakiwa watatu wanaokwenda upande mmoja, wakichangia, gharama kwa kila mtu saa za usiku inaweza kukaribia nauli ya matatu mbili iliyopandishwa na mvua.

Kasoro zake ni za aina nyingine. Dereva hupiga simu kuuliza unaenda wapi na unalipaje, kisha akiona safari haimlipi anakuomba uifute wewe. Au anafika na kutaka bei iliyo juu ya ile ya programu. Mvua ikinyesha bei hupanda maradufu. Kabla ya kufungua mlango, linganisha nambari ya gari na sura ya dereva na zile zilizo kwenye simu, na muulize yeye amekuja kumchukua nani badala ya kumtajia jina lako. Ukiwa ndani, mtumie ndugu kiungo cha safari. Mtu akikwambia muiondoe safari kwenye programu mkubaliane pembeni kwa bei nafuu, anakuomba uondoe rekodi pekee inayokulinda.

Kuhusu Expressway, ile barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands iliyofunguliwa mwaka 2022: kwa anayetoka Syokimau, Mlolongo au uwanja wa ndege ni neema, kwani teksi huruka foleni nzima ya Mombasa Road na ya Uhuru Highway. Kwa anayetoka Donholm faida inapungua, maana itabidi kwanza afike Mombasa Road, na Outer Ring saa kumi na moja jioni haina huruma. Kabla ya safari kuanza, kubalianeni nani anayelipa ada ya barabara.

Saa na siku

Chombo kilekile hubadilika kwa saa. Asubuhi kabla ya saa kumi na mbili na nusu, basi kubwa kutoka Eastlands hufika mjini bila shida na steji zina nafasi ya kupumua. Mtu anayeweza kuanza kazi mapema ana chaguo zuri ambalo halimgharimu chochote zaidi ya usingizi. Kati ya saa moja na saa tatu, treni ndiyo ya kwanza kwa yeyote aliye karibu na kituo. Mchana, kuanzia saa nne hadi saa tisa, matatu yoyote yenye jina inafaa, na hata kutembea mjini si tabu. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, nauli hupanda, steji hufurika, na wezi wanakuwa kazini kama wafanyakazi wengine. Ukiweza kukaa ofisini hadi saa mbili kasoro, foleni itakuwa imepungua, lakini watu nao watakuwa wamepungua katika barabara unazopitia. Hapo ndipo teksi ya sehemu fupi inapostahili bei yake.

Usiku, usiwe abiria wa mwisho ndani ya gari. Wenzako wakiteremka wote na waliobaki ni wahudumu na marafiki zao, shuka mahali penye mwanga na watu, kituo cha mafuta kwa mfano, kisha uitishe usafiri mwingine. Madaraja ya waendao kwa miguu, ambayo mchana ndiyo njia pekee ya busara ya kuvuka Thika Road, usiku hupitwa kwa kusubiri kundi la watu na kuvuka nao. Nambari za dharura ni 999 na 112, na nambari ya gari pamoja na jina la Sacco vinafaa kutumwa kwa mtu wa nyumbani kabla havijahitajika.

Misimu nayo ina usemi. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hupandisha nauli ndani ya nusu saa, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalionyesha kwamba barabara nzima inaweza kukatika. Siku za maandamano ni habari nyingine: Julai 7, 2025, polisi waliweka vizuizi katika barabara kuu zote za kuingia katikati ya jiji, na aliyetegemea kubadilisha gari mjini hakuwa na safari. Siku kama hiyo njia ya Outer Ring ndiyo inayobaki kwa mtu wa Donholm, ikiwa nayo haijafungwa, na asiye na lazima ya kutoka abaki nyumbani.

Kwa nani kipi

Mfanyakazi anayeingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja, akikaa umbali wa kutembea kutoka Makadara au kituo kingine cha reli, achukue treni ya asubuhi na ya jioni, na matatu ya Westlands katikati. Asiye karibu na reli achukue basi kubwa la Sacco inayofika mjini kabisa, apitie Moi Avenue, na arudi kwa njia hiyohiyo. Anayetoka zamu saa tatu usiku asijaribu kuokoa fedha pale pasipookoleka: teksi hadi Pangani au hadi nyumbani, akichangia na wenzake wa zamu.

Mgeni anayeshuka kwenye treni ya SGR, ile reli ya kisasa, kutoka Mombasa na mizigo yake ana swali jepesi kidogo, kwa kuwa treni ya mjini huunganisha kituo hicho cha Syokimau na Stesheni Kuu. Akifika mchana na mzigo mmoja wa mkononi, aipande bila wasiwasi. Akifika usiku, au akiwa na masanduku mawili na watoto, aitishe teksi akiwa bado ndani ya kituo cha SGR, asubiri ndani hadi nambari ya gari ionekane, na amwambie dereva apite Expressway.